Vikorombwezo vya Tamasha la Renesansi: Uanze na Kipi, Uishie Wapi

Kwenye tamasha la Renesansi, ambako watu huvaa na kuigiza maisha ya Ulaya ya karne ya 16 hivi, nguo yenyewe haisumbui. Shati jeupe la mikono mipana, suruali ya kitambaa, au sketi mbili ndefu zilizovaliwa moja juu ya nyingine, vyote unavipata kwenye maduka ya mitumba ya Marekani kwa dola zisizozidi 30. Kinachomaliza watu pesa ni vikorombwezo: mikanda, vipochi, kofia, majoho, panga, pembe, mabawa. Kila Agosti, tamasha la Minnesota linapokaribia, jamaa zangu wa hapa Twin Cities (Minneapolis na St. Paul) huanza kuuliza yaleyale. Ninunue upanga? Koseti ni lazima? Kofia ya unyoya kwa dola 90, ni haki kweli? Wengine hawaulizi. Unakutana nao getini wamebeba duka zima mwilini, na ikifika saa nane mchana nusu ya duka imeshahamia kwenye mfuko wa plastiki aliobebeshwa mume.

Basi nimevipanga vitu kwa utaratibu wa kuvinunua. Cha juu ndicho cha kwanza kutolewa pesa, cha chini kabisa unaweza kuishi miaka yote bila hicho. Bei ni za kukadiria, za vitu vya kawaida.

Kwa asiyeyajua matamasha haya: yalianzia Los Angeles mwaka 1963, yakiasisiwa na mwalimu Phyllis Patterson na mumewe Ron. La Minnesota, ambalo siku hizi hufanyika huku Shakopee, lilianza 1971. La Texas, pale Todd Mission kaskazini-magharibi mwa Houston, tangu 1974. Kila moja lina hadithi yake. Crownsville, Maryland, wanaishi katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Bristol, pale Kenosha, Wisconsin, ni mwaka 1574 na Malkia Elizabeth wa Kwanza amekuja kuutembelea mji. Lakini mgeni aliyelipa tiketi habanwi na mwaka wowote. Utawakuta maharamia wa karne ya 18, Waviking, vibwengo wenye mabawa, na kijana wa watu kavaa kaptura na fulana ya timu yake. Hakuna anayefukuzwa kwa sababu ya nguo, kwa hiyo usinunue kitu kwa kuogopa macho ya watu.

Nina kipimo kimoja tu: kila kinachoning'inia mwilini kiwe na kazi. Kibebe kitu, kizuie jua, kinywewe, kifunge nguo. Watu wa karne ya 16 wenyewe walivaa hivyo. Mary Rose, meli ya kivita ya Henry wa Nane, ilizama mwaka 1545 na kuopolewa baharini mwaka 1982. Humo vilikutwa vitu vya mabaharia walivyokuwa navyo siku ile: vipochi vya ngozi, vitana vya mbao, ala za visu, vijiko, tasbihi, vikombe vya mbao, hata vijisaa vya jua vya kutia mfukoni. Ukivitazama vitu hivyo unamwona mtu na shughuli zake. Ukimtazama dada aliyevaa mkia wa mbweha, miwani ya rubani, kola ya marinda na upanga wa haramia kwa pamoja, humwoni mtu, unaona risiti.

Kabla hujatoa senti

Vua kwanza. Saa ya kidijitali mkononi, miwani myeusi ya jua, begi la mgongoni, kadi ya kazini iliyosahaulika shingoni, fulana yenye maandishi inayochungulia chini ya shati. Vitu hivyo ukiviacha kwenye gari, vazi linapanda daraja bure kabisa, na kwa watu wengi hatua hii inafanya kazi kubwa kuliko manunuzi yote yanayofuata. Miwani ya macho usiivue. Ulaya iliijua miwani tangu mwishoni mwa karne ya 13, na kujikwaa kwenye mzizi wa mti si uhalisia.

Ukishavua, utagundua tatizo: simu, kadi ya benki na ufunguo wa gari vitakaa wapi? Jibu ndilo namba moja.

1. Mkanda na kipochi

Ukinunua vitu viwili tu maishani mwako kwa ajili ya tamasha hili, viwe hivi. Mkanda unakata umbo la nguo iliyopwaya na kuifanya ionekane imekusudiwa. Shati la mitumba lililokuwa kama la kulalia, ukilifunga mkanda mpana juu yake na kuliacha lifike mapajani, tayari ni vazi. Na mkanda ndio msumari wa kutundikia kila kitu kingine.

Aina inayoenda na wengi ni mkanda mrefu wenye pete ya chuma badala ya bizimu. Hauna matundu. Unazungusha kiunoni, ncha unaipitisha ndani ya pete kutoka nyuma kuja mbele, unaipeleka upande ilikotoka na kuipenyeza nyuma ya mkanda kutoka chini kwenda juu, kisha unaiteremsha mbele ndani ya kitanzi kilichojitengeneza, na kuivuta. Ncha inabaki ikining'inia mbele ya paja. Faida yake ni kwamba ukishiba unaulegeza bila mtu kujua, na mkanda mmoja unamfaa baba, mama na kijana.

Mkanda wa bei nafuu wa dola 15 hadi 25 unatosha, mradi uchunguze ukingo wake. Ngozi halisi ukingoni ina nyuzinyuzi na rangi inayofanana pande zote. Ngozi ya kubandika inaonyesha tabaka: juu plastiki laini, chini kitambaa au kitu kama karatasi ngumu. Kuna pia ile iliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Dukani inanukia ngozi na inang'aa, ila baada ya siku moja ya jua na jasho inapasuka pale pale kwenye pete. Ikunje dukani. Ikitoa mistari myeupe, irudishe ilipokuwa.

Kipochi ndipo pa kutumia pesa zaidi, kwa sababu ndicho kinachobeba simu ya mamia ya dola. Vipochi vya kuvuta kamba mdomoni vinapendeza na bei yake ni ndogo, dola 10 au 15, lakini mdomo haufungi sawasawa na ukiinama sarafu zinamwagika. Mimi nashauri chenye mfuniko wa kukunja na kifungo cha mbao au cha pembe, dola 30 hadi 50 mtandaoni. Kwa mafundi wa tamashani vinaanzia kama 60 na kupanda. Pima simu yako kabla ya kwenda, pamoja na ganda lake. Tazama nyuma ya kipochi: kiwe na vishikio viwili vya kupitisha mkanda. Chenye kimoja kinacheza na kugeuka kila ukitembea, na jioni utakuta kimefika mgongoni.

Kwa wanawake mkanda una kazi nyingine. Pindo la sketi ya juu unalinyanyua na kulichomeka mkandani, upande mmoja au pande zote mbili, sketi ya ndani ikaonekana rangi yake. Ni urembo, ni kinga ya vumbi na tope, na ndiyo njia pekee ya kuingia kwenye choo cha plastiki cha kuhamishika na kutoka salama.

2. Kitu cha kichwani

Kichwa kitupu ndicho kinachomsaliti mgeni, kwa sababu enzi ile mtu mzima hakutoka hivyo. Uingereza ilifikia kutunga sheria: mwaka 1571 Bunge liliamuru kila mwenye umri unaozidi miaka sita avae kofia ya sufu iliyofumwa nchini siku za Jumapili na sikukuu, isipokuwa mabinti, mabibi wakubwa, makabaila na wenye mali. Asiyevaa alitozwa shilingi tatu na peni nne kwa siku. Lengo lilikuwa kuwalinda wafuma kofia, na sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1597, lakini ndiyo maana kofia bapa ya sufu imekuwa alama ya mtu wa kawaida wa wakati wa Elizabeth. Leo inauzwa dola 25 hadi 40.

Hata hivyo mimi nawashauri wengi waanze na pama ya majani. Dola 15, ng'oa utepe wa kiwandani, funga ukanda wa kitambaa cha pamba au kitani, basi. Wakulima wa Ulaya walizivaa, na jua la Agosti halijali historia. Kitambaa cha kujitanda cha dola nane kinafaa vilevile. Ukitaka unyoya, mmoja unatosha, ulale ukielekea nyuma. Manyoya matatu yaliyosimama ni ya mcheza ngoma.

Dada zangu mnaovaa hijabu, hapa mmeshamaliza. Mwanamke aliyeolewa katika Ulaya ya karne ya 16 alifunika nywele zake, na hijabu ya rangi moja ya kitani au pamba, isiyo na vimeta, inakaa juu ya vazi hili vizuri kuliko taji lolote la maua ya plastiki. Achana na pini zenye vito vinavyong'aa, tumia pini ya shaba.

Na kilemba? Kilemba kina haki zake zote. Katika michoro ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511, yaliyofanywa kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto wa Henry wa Nane, kuna wapiga tarumbeta wa mfalme juu ya farasi. Mmoja wao ni mtu mweusi, John Blanke, aliyekuwa mwajiriwa wa ikulu tangu enzi ya Henry wa Saba kwa mshahara wa peni nane kwa siku. Wenzake wote wako vichwa wazi. Yeye peke yake kafunga kilemba. Mtu akikuambia tamashani kwamba mwafrika hakuwapo katika enzi ile, mpe jina hilo uendelee na safari yako.

Hapa niwakumbushe jambo ambalo wengi tunalipita. Wakati watu wa Ulaya wako kwenye Renesansi yao, pwani yetu nayo ilikuwa imevaa. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, shajara ya safari ile ilieleza alivyoonekana mfalme wa Malindi: joho la hariri ya damaski lenye satini ya kijani, kilemba cha thamani, viti viwili vya shaba vyenye mito, mwavuli wa duara wa satini nyekundu juu yake, na wapiga siwa, zikiwamo mbili za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu mzima. Kwa hiyo kanzu, joho na kilemba ulivyoviweka kabatini kwa ajili ya Idi na harusi si vazi la kigeni kwa tamasha hili. Ni vazi la mwaka huohuo, la mfanyabiashara au mjumbe aliyetoka ng'ambo. Mwaka 1600 balozi wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alifika London kwa Elizabeth akachorwa picha na kilemba chake cheupe, joho jeusi na upanga. Picha hiyo ipo hadi leo. Mwenye vazi la namna hii haongezi karibu chochote: makubadhi miguuni, kipochi cha ngozi, basi. Ila khanga iacheni nyumbani kama mnajali miaka. Ile ni ya karne ya 19.

3. Viatu

Usinunue buti mwaka wa kwanza. Tamashani kuna mafundi wanaopima mguu wako na kukushonea buti za ngozi zinazofika gotini, kazi nzuri ajabu, na bei yake ni mamia kadhaa ya dola. Nyingine zinavuka elfu. Zitakusubiri. Kwa sasa chukua kiatu chochote cha ngozi cha kahawia au cheusi, bapa, kisicho na chapa wala soli nyeupe. Kisigino kirefu hakina kazi huku: ardhi ni kokoto, vumbi na miteremko, na mvua ikinyesha ni tope tupu. Viatu vya watu wa kawaida vya wakati ule vilikuwa bapa. Visigino vilianza kuonekana Ulaya karne ya 16 ikielekea ukingoni. Mwenye sketi inayogusa kifundo cha mguu avae hata raba nyeusi, nani ataziona?

Buti za plastiki za dola 40 zilizoandikwa "za haramia" ndizo manunuzi mabovu kuliko yote katika mwongozo huu. Zinachemsha mguu na hazifiki jioni.

4. Kikombe cha kiunoni

Watu hudhani kikombe kinachoning'inia mkandani ni mbwembwe, kumbe ni kitu chenye kazi kuliko vyote baada ya kipochi. Tamasha ni la kutwa nzima, kuna joto, na unakunywa kila saa, iwe maji, maji ya limau au bia kwa wanaotumia. Vibanda vingi hupima kinywaji kwenye kikombe chao cha karatasi au plastiki kisha hukumiminia kwenye chako. Uliza kwanza, si vyote.

Cha mbao chenye bati la chuma ndani, dola 25 hadi 40, ndicho ninachokipendekeza. Hakivuji, hakishiki harufu. Cha pembe kinapendeza zaidi, ila kabla ya kukinunua kitie pua ndani. Kama hakikusafishwa vizuri utakunywa limau yenye harufu ya zizi. Cha ngozi kilichopakwa lami au nta ndani usikitie chai ya moto, kitayeyuka. Nunua pamoja na kishikio cha ngozi chenye kifungo, dola 10 hivi, kwa sababu kikombe kisichotundikwa hupotea kabla ya adhuhuri.

Mwenye safari ya nyumbani Desemba anaweza kuja na kibuyu. Mahujaji wa Ulaya waliokwenda Santiago, Hispania, walibeba vibuyu vya maji, kwa hiyo si kioja. Kiwe kikavu, kisiwe na mbegu hata moja ndani, na ukitaje kwa watu wa forodha uwanja wa ndege. Kikapu cha ukindu nacho ni mali: mwanamke mwenye kikapu mkononi anaonekana anatoka sokoni, na ndani yake unaingia mtandio, maji, nepi za mtoto na nusu ya vitu vya mume.

5. Kizibao cha kamba, au koseti

Si lazima. Narudia, kwa sababu wauzaji watakuambia ni lazima. Shimizi jeupe, sketi mbili na mkanda ni vazi kamili. Ukiamua kununua, kizibao cha kitambaa cha kufunga kwa kamba mbele ni dola 50 hadi 90, nacho kinatosha. Koseti yenye vyuma ndani ni dola 150 na kuendelea, na hiyo usithubutu kuiagiza kwa saizi za mtandaoni. Ijaribu tamashani, ukae nayo kwenye kiti, uinue mikono, upumue kwa kina. Kamba zikifungwa ibaki nafasi ya vidole vitatu au vinne kati ya kingo. Zikigusana siku ya kwanza, ni kubwa mno. Na daima iwe juu ya shimizi, si juu ya ngozi tupu, la sivyo jasho litakuonyesha cha moto.

Wanaume nao wana kizibao chao cha ngozi kisicho na mikono. Kizuri, ila ni cha Oktoba.

6. Joho

Hapa hali ya hewa ndiyo inayoamua. Shakopee mwezi Agosti, joho la sufu ni adhabu. Wikiendi za mwisho za Septemba, au Texas Novemba jua likishazama, utamwonea wivu mwenye nalo. Usinunue la velveti ya poliesta linalouzwa kwa ajili ya Halloween. Linameremeta vibaya kwenye picha na halitii joto. Tafuta blanketi la sufu la rangi moja dukani kwa mitumba, ulibane begani kwa bizimu. Au mpelekee fundi cherehani mita mbili na nusu za kitambaa chenye upana wa sentimita 150, akate nusu duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 120. Mshono ni upindo tu na shingo. Fundi yeyote wa Kariakoo au Eastleigh atakumalizia mara moja, ukieleza kwamba si joho la mahafali.

7. Vito

Mwaka 1574 Elizabeth alitoa tangazo la mavazi lililopanga nani avae nini: hariri ya zambarau na kitambaa cha dhahabu ni kwa ukoo wa kifalme na wakubwa wachache, na kadhalika ngazi kwa ngazi hadi chini. Ndiyo maana mtumishi wa jikoni aliyejaa dhahabu ya bandia anaonekana kama ameiba. Ukiwa mtu wa kawaida, pete moja au mkufu wa shanga za mbao. Ukiwa bibi mkubwa, lulu bandia za dola 12, mizunguko miwili shingoni, zinafanya kazi kuliko vito vya plastiki vyekundu na kijani. Bangili za kisasa vua.

8. Upanga

Najua hapa ndipo wanaume waliporuka moja kwa moja. Upanga nauweka chini kwa sababu unashindwa kile kipimo cha mwanzo: hauruhusiwi kufanya kazi. Getini mlinzi anaukagua, anaufunga na ala yake kwa kamba ya plastiki ili usichomoke, na kuanzia hapo unabeba chuma kilichofungwa kutwa nzima. Kila ukigeuka kwenye foleni ya chakula, ala inampiga mtoto wa mtu. Ukikaa unakwama kwenye benchi. Panga za dola 60 ni za kutundika ukutani: shina la chuma linaloingia kwenye mpini ni jembamba, na baada ya mwendo mpini unaanza kucheza. Soma kanuni za tamasha lako kabla ya kununua, kwa sababu kila moja lina zake kuhusu pinde, shoka na bunduki za mfano, na hakuna linaloruhusu kuchomoa.

Jambia la babu ulilorithi lina sheria zilezile. Nisingelipeleka, likipotea hulipati tena.

Na kuna hili la kwetu sisi weusi, nalisema bila kuzunguka. Ukiwa njiani, upanga ukae kwenye buti la gari. Usishuke nao kituo cha mafuta, usipite nao dukani kununua barafu. Ndani ya geti ni mchezo na kila mtu anajua ni mchezo. Nje ya geti mtu mmoja mwenye hofu na simu anatosha kuiharibu siku.

Mfalme wa Malindi, kwa taarifa yenu, hakubeba upanga wake. Shajara ile inasema mzee mmoja aliyemhudumia ndiye aliyeushika, ndani ya ala ya fedha. Ukishindwa kabisa kuishi bila upanga, nunua kisu kifupi cha mezani chenye ala, dola 25. Enzi ile kila mtu alikwenda na kisu chake cha kulia. Nacho kitafungwa getini, lakini hakimpigi mtu.

9. Mabawa, pembe, mikia, glavu

Mabawa ni ya watoto na ya wenye subira. Kwenye njia nyembamba utaomba radhi hadi jioni. Pembe za kichwani zinauma paji baada ya muda. Mkia unakaliwa. Glavu za ngozi zinapendeza mpaka ufike kwenye paja la bata mzinga, chakula kilekile kila mtu anakijia, kisha zinakuwa kitambaa cha kufutia mafuta. Masikio ya bandia yaliyochongoka ya dola 15 ndiyo pekee ninayoyatetea katika kundi hili: hayana uzito, na mtu aliyeyavaa anahitaji nguo ya kijani tu kuwa kiumbe mwingine kabisa. Kwa mtoto kanuni hizi zote hazipo. Mnunulie upanga wa mbao aliouchagua mwenyewe, na ujue ni wewe utakayeubeba.

Sasa, ni vingapi?

Amua kwanza wewe ni nani. Mkulima au mtumishi: mkanda, kipochi, kofia, kikapu au kikombe, na usizidishe hapo. Mfanyabiashara au fundi: ongeza kizibao, kisu kidogo, pete. Mkubwa wa ikulu anaruhusiwa kuongeza lulu, glavu, joho, manyoya, hata kijitufe cha kutia manukato kinachoning'inia kwenye mkufu wa kiunoni, kama walivyofanya wao. Lakini huyo nguo yake yenyewe lazima iwe ya kiwango hicho, na hapo tunazungumzia mamia ya dola. Kosa ninaloliona sana ni nguo ya mkulima iliyobandikwa vikorombwezo vya kabaila. Ukisimama mbele ya kioo ukashindwa kusema kitu fulani kinakusaidia nini, kitoe, hata kama kiligharimu.

Kwa hesabu ya haraka: mkanda 20, kipochi 35, pama 15, kikombe 30. Dola 100, na uko sawa kwa miaka. Asiye na uhakika kama atarudi tena akodishe. Matamasha mengi makubwa yana banda la kukodisha karibu na geti, ila wahi asubuhi kabla saizi hazijaisha, na ulizia amana.

Kununua tamashani au mtandaoni? Mkanda, pama na kikombe mtandaoni, kabla ya siku, wiki tatu mapema ili upate muda wa kurudisha. Kipochi kizuri, koseti na buti tamashani, ambako unashika kwa mkono na fundi yupo. Zunguka uwanja mzima kwanza bila kununua, kwa sababu kibanda cha getini na kibanda cha nyuma kabisa huwa na kipochi kilekile kwa bei tofauti. Wikiendi ya mwisho baadhi ya mafundi hushusha bei kuliko kufunga mizigo, hasa kwa kilichobaki kimoja. Ukinunua mkanda wa pete kwao, uvae hapohapo na umwombe akukatie ncha. Ukifika chini ya goti utaukanyaga kila ukiinuka kwenye benchi.